Unaishi New Jersey, kazi iko New York: anza na ritani ipi?

Ritani ni fomu ya kodi ya mapato unayojaza kila mwaka. Ya serikali kuu imalize kwanza. Mwongozo huu unashughulikia za majimbo tu.

1. Hakikisha unahitaji ritani mbili

Baadhi ya majimbo yamekubaliana kwamba mshahara utozwe kodi pale unapoishi tu. New Jersey na Pennsylvania wamekubaliana hivyo, na pia Maryland, Virginia na Washington DC kati yao. Mkazi wa New Jersey anayefanya kazi Pennsylvania ampe mwajiri fomu REV-419, ili asikatwe kodi ya Pennsylvania. Wa Pennsylvania anayefanya kazi New Jersey, NJ-165. Kodi ya mshahara ya jiji la Philadelphia itakatwa hata hivyo. New York haina makubaliano kama hayo na jimbo lolote, kwa hiyo endelea.

2. Soma W-2, visanduku 15 hadi 17

W-2 ni fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa. Ukiona mistari miwili, New York na New Jersey, mshahara ni uleule mmoja. Usijumlishe. Tarakimu zinaweza kupishana kidogo kwa sababu New Jersey haiondoi baadhi ya makato, kama bima ya afya inayokatwa kabla ya kodi.

3. Jaza IT-203 ya New York

Hii ni ritani ya New York kwa asiye mkazi wake. Lazima itangulie, kwa sababu ya New Jersey itahitaji tarakimu zake. New York hupiga hesabu kana kwamba mapato yote ya familia ni yake, kisha huchukua sehemu inayolingana na yaliyopatikana huko. Siku ulizofanyia kazi nyumbani kwa hiari yako huhesabiwa kuwa za New York. Kodi ya wakazi wa New York City haikuhusu.

4. NJ-1040 na Schedule NJ-COJ

NJ-1040 ni ritani ya mkazi wa New Jersey, na NJ-COJ ni jedwali lake la nafuu ya kodi uliyolipa jimbo jingine. Hapa ndipo pesa hupotea. New Jersey hutoza mapato yako yote, popote yalipopatikana, halafu inakupunguzia kwa sababu ya kodi uliyolipa New York. Nafuu hiyo ni kiasi kidogo kati ya viwili: kodi halisi ya New York, au sehemu ya kodi ya New Jersey inayotokana na mapato yaliyotozwa pande zote mbili.

Chukua mfano: wewe umepata dola 60,000 New York, mwenzi wako 20,000 New Jersey. Tuseme kodi ya New Jersey ni 2,000 na ya New York 2,600. Gawanya 60,000 kwa 80,000, zidisha kwa 2,000: unapata 1,500. Nafuu ni 1,500. New Jersey bado inadai 500. Ile 1,100 ya juu hairudishwi na yeyote.

Kodi ya New York ichukue kwenye IT-203 iliyokamilika, kamwe si kisanduku 17 cha W-2. Kisanduku hicho kinaonyesha kilichokatwa, na sehemu yake huenda New York inakurudishia. Riba ya benki pia usiiweke kwenye 60,000, kwani New York haikuitoza.

Programu za kodi ni sawa, ila ingiza New York kabla ya New Jersey, na ukirekebisha New York rudi ukague COJ upya. Mimi napendelea kujaza COJ kwa mkono kwanza, kwenye PDF ya jimbo. Ni ukurasa mmoja, na kosa la programu utaliona papo hapo.

5. Mwaka unaofuata

Ukitarajia kudaiwa na New Jersey zaidi ya dola 400, lipa mapema kwa awamu, kwa fomu NJ-1040-ES, tarehe 15 za Aprili, Juni, Septemba na Januari, au mwombe mwajiri akate pia ya New Jersey.