Jinsi ya kusoma bei ya nakala za bunduki za kale za kijeshi kabla hujalipa

Watu wengi wakiona nakala mpya ya bunduki ya Vita vya Pili vya Dunia inauzwa maelfu ya dola huko Marekani, neno la kwanza ni "huyu anatuibia", maana wanajua jeshi liliinunua ile ya asili kwa hela ndogo. Na kweli ilikuwa ndogo. Thompson, rashasha ndogo ya Wamarekani, mwaka 1939 ilikuwa kama dola 209, kufika 1944 toleo la M1A1 limeshuka hadi dola 45 hivi. Karabini ya M1, yaani bunduki fupi nyepesi ya jeshi hilo hilo, nayo ilikuwa humo humo kwenye 45. Ila karabini hizo zilitengenezwa zaidi ya milioni 6, na hapo ndo pa kuanzia: kabla hujauliza bei, uliza zinatengenezwa ngapi.

Piga hesabu mwenyewe kwa namba za mfano tu. Tuseme michoro, kalibu, majaribio na kupanga mashine vinakula dola 500,000 kabla bunduki ya kwanza haijatoka. Zikitoka 50,000 kila moja inabeba dola 10. Zikitoka 500 kila moja inabeba dola 1,000, na hapo chuma hakijanunuliwa, mbao ya kitako bado, fundi hajalipwa na duka halijaweka faida yake.

Alafu kuna hili ambalo mi naona ndo kiini cha suala zima: bunduki zilizokuwa nafuu kutengeneza vitani ndizo zinazosumbua sana kunakili leo. StG 44, bunduki ya vita ya Wajerumani, iliundwa kwa bati la chuma linalobanwa kwenye presi, mtu akisikia bati anadhani itakuwa bei chee. Lakini presi inataka kalibu za chuma kigumu na kalibu zenyewe ni ghali mno, zikitoa bunduki laki kadhaa kama wakati ule gharama yake inamezwa, zikitoa mia chache haimezwi hata kidogo. Kwaiyo mtengenezaji mdogo ana njia mbili, aingie gharama ya kalibu, au achonge kutoka kwenye pande la chuma kwa mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, kazi inayokula masaa mengi na mara nyingine umbo linatoka tofauti na la asili. Muulize muuzaji bila kuzunguka, risiva, yaani kiwiliwili cha bunduki kinachobeba mitambo yake, imebanwa, imesubiwa au imechongwa? Akishindwa kujibu, usitoe hela yako bado.

Kitu kingine kinachopandisha bei ni sheria, na hapa wengi hawaangalii kabisa. Marekani, rashasha iliyotengenezwa baada ya tarehe 19 Mei 1986 haiuzwi kwa raia wa kawaida, kwaiyo nakala ya FG 42 ya Wajerumani au ya BAR ya Wamarekani inabidi itoe risasi moja kila ukivuta traga, na sio kwamba wanachomoa kipande kimoja wakamaliza, ndani panapangwa upya ili isigeuzwe kirahisi kuwa rashasha. Zile ambazo zilikuwa zinafyatua bolti (chuma kinachosukuma risasi na kuifungia mtutuni) ikianzia nyuma, mfano Sten ya Waingereza, tangu 1982 mpangilio huo haukubaliki kwa zinazotengenezwa upya hata zikiwa semi-otomatiki, yaani za risasi moja kila ukivuta traga, lazima zifyatue bolti ikiwa imefunga. Huo ni uhandisi mpya kabisa ndani ya umbo la zamani. Na tangu 2005 vipuri vya rashasha za zamani vinaingizwa nchini bila mitutu yake, basi mtutu nao unachongwa upya. Juu yake kuna ushuru wa serikali kuu, asilimia 11 kwa bunduki ndefu na 10 kwa bastola, japo anayetengeneza chini ya 50 kwa mwaka anasamehewa.

Magobori na gumegume ni habari nyingine. Hizo nyingi zinatoka Gardone Val Trompia, Italia, ambako watengenezaji wa nakala kama Pedersoli wapo tangu 1957 na Uberti tangu 1959, yaani gharama za mwanzo zimeshagawanywa kwa miaka mingi ndo maana bei zao zinavumilika. Kule kila mtutu unapimwa kwa nguvu kubwa kuliko ya kawaida kisha unapigwa muhuri, tafuta huo muhuri kwa macho yako. Kuna misketi kutoka India bei yake chini kabisa, baadhi zinakuja bila tundu la kuwashia baruti, zinauzwa kama pambo. Kama ni ya kutundika ukutani sawa, ila tafadhali usiitoboe ukaenda kuipiga, mtutu ambao haujapimwa unaweza kupasuka mikononi mwako.

Sasa linganisha na ya asili. M1 Garand, bunduki ya kawaida ya askari wa Marekani vitani, zilitengenezwa zaidi ya milioni 5 na Mmarekani anayekidhi masharti anaweza kuipata ya asili kupitia Civilian Marksmanship Program, shirika linalowauzia raia bunduki za zamani za jeshi, kwa hiyo kwa Garand mi sioni sababu ya kuhangaika na nakala. FG 42 zilikuwa kama 7,000 tu dunia nzima, hapo nakala ya dola elfu kadhaa ina maana kabisa, maana ya asili hutaigusa. Ila nunua kwa sababu unataka kuipiga na kuielewa, usitegemee itapanda thamani kama ya asili.

Kwenye advansi kaa macho sana. Miradi hii inachelewa miaka na bei inapanda katikati, so mimi ningelipa pale tu ambapo bunduki zimeshafika mikononi mwa wanunuzi wengine, na masharti ya kurudishiwa hela yawe kwa maandishi.

Uliza pia risasi, kwa sababu 7.92x33, yaani saizi ya risasi ya StG, sio ya kuokota kila duka, na uliza kama magazini ya asili inaingia. Mwisho ni vipuri: springi, pini ya kufyatulia na kitoa ganda vya ziada nunua siku hiyo hiyo unayochukua bunduki, maana toleo likiisha hakuna anayewasha mashine tena kwa ajili ya springi yako moja.