Umepewa ripoti ya madoa ya wino? Isome hivi

Nafanya kazi ya ushauri nasaha, na ndugu zetu walioko Marekani hunitumia ripoti za kisaikolojia zilizoandikwa wakati wa kesi za kugombea malezi ya watoto. Katika baadhi yake kuna sehemu iliyotokana na kadi kumi za Rorschach, yaani kipimo ambacho mtu huonyeshwa madoa ya wino na kuulizwa anaona nini, na maneno yake yanaumiza: "anajipenda kupita kiasi", "anashindwa kuwa karibu na watu". Ukiletewa ripoti ya namna hiyo, usiikubali wala kuichana. Chukua kalamu mbili, ya kijani na nyekundu.

Kwanza tafuta jina la mfumo uliotumika kuhesabu majibu. Hermann Rorschach, daktari wa akili wa Uswisi, alichapisha kadi zake mwaka 1921 na kufariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 37. Kazi ya kuzipa kanuni waliifanya wengine. Utakaoukuta zaidi ni mfumo wa mwanasaikolojia John Exner wa mwaka 1974, au mfumo mwingine uitwao R-PAS wa mwaka 2011. Ripoti isiyotaja mfumo wowote ihesabu kuwa maoni ya aliyeiandika.

Angalia pia idadi ya majibu. Kwa Exner, yakiwa chini ya 14 matokeo hayatumiki.

Halafu uliza umelinganishwa na watu gani. Mwaka 2001 mwanasaikolojia James Wood na wenzake walikusanya matokeo ya Wamarekani wasio wagonjwa kutoka tafiti mbalimbali, wakayapima kwa viwango vya Exner. Watu wazima wenye afya zao walionekana kama wana matatizo makubwa! Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Wamarekani wenyewe, wewe uliyejibu kupitia mkalimani una kila haki ya kuuliza.

Sasa zile kalamu. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Joni Mihura na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu vipengele 65 vya mfumo wa Exner. Vinavyohusu mpangilio wa mawazo na namna mtu anavyoona vitu vilivyo mbele yake vilipata ushahidi mzuri. Vingine vilipata hafifu, na vingine havikupata kabisa. Hata Wood na wenzake, wakosoaji wakali wa kipimo hiki, waliikubali sehemu hiyo ya mawazo mwaka 2015. Basi sentensi inayosema mawazo yanaruka au maumbo yanaonwa visivyo, ipigie mstari wa kijani: hiyo ichukulie kwa uzito, ingawa peke yake haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Sentensi ya hulka, yaani kujipenda, ubinafsi, utegemezi, ipigie nyekundu mpaka ithibitishwe kwingine.

Nikuonyeshe kwa nini. Kadi ya nane ina rangi za waridi, chungwa na bluu, na pembeni kuna maumbo mawili ambayo wengi huyaona kuwa wanyama. Ukiigeuza kadi ubavu, mnyama mmoja anakuwa juu na mwenzake chini yake, kama kivuli majini. Mtu akisema "mnyama anavuka mawe, namwona na taswira yake mtoni", katika mfumo wa Exner jibu hilo huhesabiwa kuwa la kuakisi, na majibu ya kuakisi husomwa kama dalili ya kujikuza. Lakini doa lenyewe limetengenezwa lifanane na wino uliobanwa katika karatasi iliyokunjwa. Pande zake mbili zinafanana! Aliyekulia kando ya mto ameeleza alichokiona, na mimi siwezi kukubali kwamba hilo litaje tabia yake mbele ya hakimu.

Kila mstari mwekundu uandikie swali, umpe wakili wako alipeleke kwa mwanasaikolojia: "Sentensi hii imetokana na majibu yapi, na ni dodoso, mahojiano au historia gani inayoiunga mkono?" Omba jibu kwa maandishi, kabla ya tarehe ya kusikilizwa kesi.