Akija fundi mpya kwenye laini yako

Nilianza kushona kiwandani hapa Dar es Salaam mwaka 2008. Leo nasimamia laini ya mafundi 28, wanaume ni 3 tu. Naandika kwa dada mzoefu ambaye kesho ataletewa binti mgeni akae mashine ya pembeni yake.

Mfundishe kutunga uzi wa ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa, siku hiyohiyo, kabla ya chai. Usimwambie "utazoea tu." Mimi niliambiwa hivyo. Mama niliyekaa naye alikuwa akigeuka kunipa mgongo kila uzi wake ulipokatika, nisione mikono yake. Wangu ukikatika, namwita fundi wa mashine, namngoja, mzigo unarundikana, na jioni jina langu linasomwa mbele ya laini nzima. Nililia miezi mitatu. Kumbe jambo lenyewe ni dogo: koni ikiisha usichomoe uzi wa zamani. Ukate karibu na koni, ufungie uzi mpya kwa fundo dogo, legeza tensheni, yaani mkazo wa uzi, kisha vuta polepole mpaka uzi mpya utokee mbele. Fundo halipiti kwenye tundu la sindano, kwa hiyo likifika hapo likate, utunge kwa mkono. Na ukikatika uzi wa chini, toa kwanza nyuzi za sindano, tunga ule wa chini, ndipo urudishe za sindano. Ukipindua mpangilio huo utakatika tena palepale. Dakika 10 zinatosha kumwonyesha.

Yule mama sikumwelewa kwa muda mrefu. Mikataba yetu ilikuwa ya miezi sita sita, naye aliamini kwamba mtu anayejua peke yake ndiye haachwi. Hofu hiyo naijua, nami niliishi nayo. Lakini tageti yetu inahesabiwa mwisho wa laini, shati likiwa limekamilika. Binti akikwama kwenye mikono ya shati, wewe unayekunja pindo la chini huna cha kukunja. Mwambie mwenzako hivyo ukimwona anaficha, tena mwambie mkiwa wawili.

Kazi yake ikikufikia imepinda, usiipeleke kwenye meza ya ukaguzi ili aumbuke. Mrudishie mkononi, mwonyeshe kwa kidole mshono ulipopinda. Ikijirudia mara ya tatu, niite. Kumfichia kasoro si kumsaidia: shati litarudi, na litarudi na jina lake.

Sasa kunyonyesha. Hapa ndipo wanawake tunapoumizana kuliko popote, na hapa nina deni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi anayenyonyesha anaruhusiwa kwenda kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Mwaka 2015 mwenzangu alirudi, akawa anatoka kwenda kwa mtoto aliyeachwa kwa jirani, nyuma ya kiwanda. Nikasema kwa sauti, asikie: "Wengine tunashona, wengine wanapumzika." Akaacha kwenda. Haikupita wiki mbili matiti yakamvimba, akashikwa na homa, akalazwa. Nilimwomba radhi. Alinisamehe, ila hakukaa nami tena kula mchana.

Kwa hiyo fanya hivi. Jifunze mashine ya kulia kwako na ya kushoto kwako, ili mama akitoka pawe na wa kuishika. Saa zake ziandikwe ubaoni, mfano saa 4 na saa 8, kila mtu azione na zisiwe za kuombaomba. Anayeguna, mkatize hapohapo. Msimamizi akikataa, hata akiwa mwanamke kama mimi, msimwache mama aende peke yake: nendeni wawili au watatu kwa mwakilishi wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara.

Binti akipandishwa cheo, mtasikia kwa mama lishe kwamba amepandia kitandani kwa bosi. Uliza swali moja: "Umewahi kumwona akishona kola?" Kola ni kazi ngumu kuliko zote kwenye shati, na anayeiweza hujulikana laini nzima. Ukinyamaza, kesho neno hilo litakuwa limefika kwa mumewe. Nimeona ndoa ikivunjika kwa neno la namna hiyo, na halikuwa kweli.

Jambo la mwisho ni mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Mgeni huja hana, na stoo humchukua siku kadhaa kumpatia, ndipo wengine humwacha akate nyuzi kwa meno. Kwenye droo yangu nina mikasi miwili. Mmoja nimeufunga kitambaa chekundu, huo ni wa mgeni. Akipata wake, anaurudisha.