Somo: Kuondoa rangi ngeni kwenye picha za studio

Asalamu alaykum. Wengi mnaleta picha ya kanzu iliyogeuka manjano au uso wa kijani, mkiuliza mbonyeze wapi kwenye Lightroom (programu ya kurekebisha picha). Kwanza tujue rangi hiyo imeingilia wapi.

1. Zima flashi, taa za chumba ziache zinawaka, piga kwa kasi ya 1/125, tundu la f/8, wepesi wa ISO 100. Picha itoke nyeusi tititi. Ikionesha kitu, mwanga wa dari au dirisha unachanganyika na flashi. Flashi ni kama Kelvini 5500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), balbu ya waya karibu 2700. Huwezi kuzipatanisha kwa mpango mmoja. Zima balbu, funga pazia.

2. Tazama kuta. Ukuta wa kijani huurudisha ukijani wake usoni. Tundika kitambaa cheusi upande huo. Buibui kuukuu linatosha (muombe mwenyewe kwanza).

3. Mteja ashike kadi ya kijivu karibu na uso, upige picha ya kwanza kwa RAW (faili ghafi la kamera). Kwenye kompyuta, chukua kitonea cha WB (white balance, yaani kusawazisha nyeupe) ubonyeze kadi, kisha nakili mpango huo kwa picha zote zilizopigwa kwa taa zilezile.

Usibonyeze kanzu! Hapa ndipo picha za Idi zinapoharibika. Kanzu nyingi zimetiwa buluu, au zimefuliwa kwa sabuni yenye dawa ya kung'arisha, na dawa hiyo ikipigwa na flashi hutoa mwanga wa kibuluu. Programu inauona ubuluu, inauondoa, na mwenye kanzu anabaki na uso wa mgonjwa wa manjano.

MASWALI

Kutoka Wete: Maalim, natumia LED za bei rahisi. Kadi imekaa sawa lakini ngozi imepooza, kama haina damu.
Jibu: Taa hizo wekundu wake ni mchache. Kadi haiwezi kurudisha rangi ambayo taa haikuitoa. Ongeza nyekundu kidogo kwenye ngozi tu, na ukinunua nyengine tafuta CRI (kipimo cha taa kuonesha rangi kwa usahihi) ya 95 kwenda juu.

Kutoka Michenzani: Nikimrekebisha bi harusi, hina inafifia.
Jibu: Bila shaka umepunguza wekundu wa picha nzima, shoga. Urudishe, sawazisha kwa WB, na uso ukizidi wekundu uguse kwa brashi peke yake, mikono uiache.

Kutoka Chake Chake: Na mimi ninayepiga JPEG (faili ambalo kamera imeshalikamilisha), siyo RAW?
Jibu: Weka WB ya kadi ndani ya kamera kabla ya kupiga. Baadaye nafasi ya kurekebisha ni finyu.