Jinsi ya Kupata Njia ya Baiskeli ya Milimani Inayolingana na Uwezo Wenu

Ukiwauliza waendesha baiskeli za milimani njia nzuri ni ipi, kila mmoja atakutajia ile anayoipenda yeye. Wachache sana watakuuliza kwanza wewe unaweza nini. Juzi nimekaa na binamu yangu kupanga mzunguko wa watu watatu: yeye mwenye uzoefu wa wastani, mkewe ambaye ndiyo kwanza anaanza, na kijana wao anayeruka kila kinachorukika. Nilichomweleza nimekiandika hapa, na hatua ya 4 nimeirefusha makusudi kwa sababu ndiyo inayokula muda na ndiyo watu wanayoiruka.

Hatua ya 1: Pima watu kabla ya kufungua ramani

Usimwulize mtu "wewe ni wa kiwango gani". Wanaume watajipandisha, wanaoanza watajishusha. Uliza vitu vinavyoonekana kwa macho. Anaweza kushuka mlima akiwa amesimama juu ya pedali, miguu ikiwa sawa na tandiko liko chini? Anaweza kufunga breki zote mbili kwa kidole kimoja kimoja bila gurudumu la nyuma kuburuzika? Anaweza kuinua gurudumu la mbele na kulipitisha juu ya gogo bila kushuka? Anaweza kugeuka kona ya kurudi nyuma, ile inayokugeuza karibu ulikotoka, kwenye mteremko bila kuweka mguu chini?

Asiyeweza hata moja kati ya hayo ni mgeni, hata kama ana baiskeli ya bei kubwa kuliko zenu zote. Anayeweza mawili ya kwanza bila wasiwasi anaweza kuanza kujaribu njia za kati. Kona ya kurudi nyuma ndiyo inayowachuja watu kweli. Nimeona wapandaji wenye mapafu ya farasi wakisukuma baiskeli kwenye kila kona.

Pumzi ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa hodari wa kushuka lakini akaishiwa nguvu kwenye kilomita ya tano ya kupanda, na mchovu ndiye anayeanguka. Kwa hiyo kila mtu aandikiwe mambo mawili: ufundi wake na pumzi yake.

Hatua ya 2: Zijue rangi, lakini usiziabudu

Mfumo unaotumika sana ni wa IMBA, chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988. Alama zake zimetoholewa kutoka viwanja vya kuteleza kwenye theluji: duara jeupe ni rahisi kabisa, duara la kijani ni rahisi, mraba wa buluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ngumu, na almasi mbili nyeusi ni ngumu kupindukia.

Watu wengi wanaishia kwenye rangi. Lakini nyuma ya rangi kuna vipimo, na hivyo ndivyo vyenye faida. Kwenye njia ya kijani, kizuizi usichoweza kukikwepa hakizidi kama sentimita 5. Buluu ni hadi 20. Nyeusi ni hadi kama 38. Upana nao unapungua: kijani ni takriban sentimita 90 au zaidi, buluu 60, nyeusi 30.

Ukienda Uingereza utakutana na nyekundu kati ya buluu na nyeusi, kwa hiyo buluu ya huko si lazima iwe sawa na buluu ya kwingine. Kwenye milima ya Alps utakuta pia kipimo kingine kinachokwenda kwa namba, S0 hadi S5. S0 haina kikwazo cha maana. S1 ina mizizi na mawe madogo. S2 ina ngazi, mawe yaliyolegea na kona za kurudi nyuma zilizo pana kiasi. Kuanzia S3 ni miamba mikubwa na kona za kubana, na mgeni hana kazi huko. Mimi naipenda hii ya namba kuliko rangi, kwa sababu inaeleza kilichoko ardhini bila kujali nani aliyeweka kibao.

Hatua ya 3: Weka ramani kwenye simu

Trailforks, programu ya njia za baiskeli, kwa kutafuta njia zenyewe, na ramani yoyote inayotumia data za OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa kuhakikisha. Pakua eneo zima ungali na mtandao. Basi.

Ramani ya joto ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ile inayong'aa pale watu wengi wanapopita, mimi siitumii kuchagua njia. Inakuonyesha umaarufu, haikuonyeshi ugumu. Njia inayong'aa kuliko zote inaweza kuwa ndiyo ya mabingwa wanaoirudia kila jioni. Wala usiache programu ikuchoree mzunguko yenyewe. Kwenye OpenStreetMap kipimo cha ugumu huandikwa na watu wa kujitolea, na njia nyingi hazijaandikiwa chochote. Njia isiyo na kipimo haimaanishi ni rahisi, ila hakuna aliyeandika, na programu nyingine hukupitisha humo humo.

Hatua ya 4: Soma mteremko, na utafute mahali pabaya kuliko pote

Hapa tulieni. Hatua hii niliifundishwa na mteremko mmoja uliotula mchana kutwa, tukishusha baiskeli begani kwenye mwamba ambao kwenye ukurasa wa njia ulikuwa umefichwa ndani ya namba moja nzuri: wastani asilimia 8.

Wastani unaficha. Chukua njia ya kilomita 3 inayoshuka mita 240. Gawanya, unapata asilimia 8, na asilimia 8 haimtishi mtu. Sasa ikate vipande. Kilomita 2 za mwanzo zinashuka mita 80 tu, yaani asilimia 4, karibu tambarare. Zimebaki mita 160 ndani ya kilomita moja, ambayo ni asilimia 16. Na ndani ya kilomita hiyo, mita 60 zinashuka katika umbali wa mita 200 tu. Hiyo ni asilimia 30. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya asilimia 8 anafika hapo breki zimeshapata moto na mikono imechoka.

Kwa hiyo usisome wastani. Fungua mchoro wa mwinuko, weka kidole pale mstari unapoporomoka, na usome kipande hicho peke yake. Kama una ramani ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, ni rahisi zaidi. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:25,000 yenye kontua za kila mita 10, njia inayokata mistari iliyoachana milimita 4 ina mteremko wa asilimia 10. Milimita 2 ni asilimia 20. Milimita moja ni asilimia 40. Lakini pima umbali ukifuata njia yenyewe, usipime moja kwa moja kati ya kontua, maana njia ya zigizaga inapunguza ukali kwa kurefuka. Njia inayokwenda sambamba na kontua ni rafiki wa mgeni. Ile inayozikata kama kisu, mwachie kijana wa binamu yangu.

Tahadhari ya kwanza: mchoro wenyewe haukamiliki. Programu nyingi huchukua mwinuko kutoka data za SRTM, vipimo vya mwinuko wa dunia vilivyokusanywa kwa rada na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari mwaka 2000, na data hizo zina nukta moja kila mita 30 hivi. Mwamba unaokatika ghafla kwa mita moja na nusu haumo kabisa kwenye mchoro. Tena rada ile ilisoma vilele vya miti pale palipokuwa na msitu mzito, kwa hiyo ukingo wa msitu unaweza kuonekana kama kilima. Mchoro unakueleza mteremko mrefu, lakini ngazi, mizizi na mwamba haukwambii.

Tahadhari ya pili: picha na video zinalainisha. Kamera za kofia zina lenzi pana, na lenzi pana inalaza mteremko. Kwenye video unaona mtu anateleza kwa raha, ukifika unachungulia shimo. Mimi siangalii mteremko kwenye video hata kidogo. Naangalia vitu viwili: makalio ya anayetangulia, na gurudumu lake. Kama makalio yamekwenda nyuma kabisa mpaka karibu na tairi, pale ni pakali, lenzi iseme inavyotaka. Kwa kimo cha vizuizi, gurudumu lenyewe ndiyo rula. Gurudumu la inchi 29 lenye tairi lina kimo cha kama sentimita 74, kwa hiyo ekseli, yaani mhimili wa katikati ya gurudumu, iko kwenye sentimita 37 hivi. Jiwe linalofika usawa wa ekseli ni la daraja la almasi nyeusi. Linalofika robo ya gurudumu na kuzidi kidogo tu ndiyo kikomo cha buluu. Simamisha video pale gurudumu linapogusa jiwe, utapata jibu ambalo hakuna maelezo ya maandishi yatakayokupa.

Tahadhari ya tatu: uliza swali sahihi. Ukimwuliza aliyeipita njia "ni ngumu?", atakujibu kwa kujilinganisha na nafsi yake. Uliza hivi: "Mahali pabaya kuliko pote ni papi, na pana njia ya kuzungukia?" Sehemu ya pili ya swali ni muhimu kuliko ya kwanza. Njia ya buluu yenye mwamba mmoja mbaya na kijia cha pembeni inamfaa mgeni jasiri. Njia ya buluu yenye mwamba huo huo katikati ya korongo, kushoto ukuta na kulia bonde, haimfai hata kidogo, kwa sababu kushuka na kusukuma pale ni hatari kuliko kubaki juu ya baiskeli.

Tahadhari ya nne: tafuta pa kutokea. Hesabu mahali njia inapokutana na barabara ya magari ya msitu, au na njia nyingine rahisi. Kwa mgeni nataka pa kutokea kabla ya kile kipande kibaya, siyo baada yake. Kama hapapo, njia hiyo ni ya daraja moja juu ya ilivyoandikwa, na mimi naihesabu hivyo hata kibao kiseme kijani.

Na rangi zinapimwa na wenyeji. Kwenye mji ambao kila mlima ni mwamba mtupu, buluu yao ingeitwa nyeusi kwingine. Whistler kule Kanada inajulikana kwa hilo. Ukifika eneo jipya, anzeni daraja moja chini ya mlilozoea, mteremko mmoja tu, ndipo mpande daraja.

Hatua ya 5: Hakiki ruhusa, upande na unyevu

Kuwepo kwenye ramani si ruhusa. Huko England na Wales, kwa mfano, baiskeli ina haki ya kupita kwenye njia za farasi lakini haina haki hiyo kwenye njia za waenda kwa miguu, na zote zinaonekana kwenye ramani kama mistari iliyokatika katika. Kwingine kuna njia za upande mmoja. Kuipanda njia ambayo wenzako wanaishuka kwa kasi ni kutafuta msiba.

Vipimo vya ugumu kwa kawaida huchukulia kwamba pamekauka. Mvua ikinyesha, mizizi inayokata njia kwa mshazari inakuwa sabuni, na udongo wa mfinyanzi unajaza tairi mpaka haligeuki. Ongeza daraja moja kichwani mwako, au ahirisheni, maana mkipita kwenye matope mnaichimba njia na kuwaharibia wengine.

Hatua ya 6: Unganisha watu wa viwango tofauti

Msitafute njia moja ya kuwatosha wote, hakuna. Tafuteni mlima wenye njia moja ya kupandia na njia kadhaa za kushukia zinazoishia karibu karibu. Mnapanda pamoja kwa mwendo wa mwenye pumzi ndogo, juu mnagawanyika, chini mnakutana kwenye njia panda mliyoiweka alama kwenye simu zote. Binamu yangu na kijana wake wameshuka buluu na nyeusi, mkewe kashuka kijani mara mbili, na hakuna aliyemsubiri mwenzake kwa hasira.

Kupanda kuna ugumu wake pia. OpenStreetMap ina kipimo tofauti cha kupandia, na njia rahisi ya kushuka inaweza kuwa jehanamu ya kupanda. Kama mtapanda na mgeni, barabara pana ya msitu ni bora kuliko kijia kizuri chenye mizizi.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mteremko wa kwanza uwe mfupi na rahisi, hata kwa hodari. Kila mtu aruhusiwe kushuka na kusukuma bila kuulizwa. Mwenye uzoefu akae nyuma ya mgeni, asiwe mbele, kwa sababu mgeni atajaribu tu kwenda kwa kasi yake.

Mkimaliza, andikeni ripoti kwenye ukurasa wa njia: tarehe, pamekauka au pamelowa, mti ulioanguka uko baada ya kona ipi, na kijia cha kuzungukia mwamba bado kinapitika au kimeota nyasi.