Kupima gesi za majani ya mkorosho bila kuuumiza mti

Juzi nilimsaidia mdogo wangu anayesoma chuo kupima gesi za mkorosho wa babu, huko Mtama. Siku ya kwanza yote ilipotea bure, ndiyo maana naandika.

Gesi zenyewe ni isoprini na terpini, kemikali nyepesi ambazo majani ya mimea mingi huzitoa hewani. Isoprini pekee, mimea ya dunia hutoa takriban tani milioni 500 kwa mwaka. Mti haujamkosea mtu: isoprini huzaa ozoni ya karibu na ardhi, ile inayokera mapafu, pale tu inapokutana juani na oksidi za nitrojeni za malori, jenereta na moto wa mashamba.

1. Chagua tawi. Liwe la juani, majani yamekomaa. Mkorosho uliopuliziwa salfa ya ubwiri unga uache.

2. Vika mfuko. Hapa ndipo tulipokwama. Tulifunga saa nne asubuhi tukaanza kuvuta hewa papo hapo. Nilipofungua, harufu ikawa ya majani yaliyofyekwa! Kutazama vizuri, kikonyo kimoja kilikuwa kimevunjika chini ya kamba, utomvu unachuruzika. Jani likijeruhiwa hutoa gesi za kidonda, na terpini zilizohifadhiwa ndani nazo humwagika. Tulikuwa tunapima kidonda.

Kwa hiyo vika mfuko jana yake jioni, mdomo wazi, juu ya fremu ya waya ili plastiki isiguse majani. Tumia mfuko wa kuokea nyama kwenye oveni. Nailoni ya kawaida siikubali kabisa, ina harufu yake. Kamba achana nayo: zungushia utepe mweupe wa mafundi bomba. Asubuhi funga mdomo, pitisha hewa iliyochujwa kwa mkaa amilifu kwa saa nzima kabla ya kupima. Weka kipimajoto ndani, maana mfuko juani huchemka upesi na isoprini hupanda na joto hadi karibu nyuzi 40. Ukiona matone ya maji ndani, ongeza kasi ya hewa.

3. Vuta sampuli. Hewa ya mfukoni ivutwe kwa pampu ipite kwenye tyubu ya kunasia gesi, mililita 200 kwa dakika, dakika 20. Tenax, ile chengachenga ya kunasa gesi inayojazwa ndani ya tyubu, peke yake haishiki isoprini vizuri. Tyubu iwe na tabaka la kaboni pia. Rudia kwa mfuko mtupu, ujue gesi zipi ni za mfuko wenyewe.

4. Hifadhi. Ziba tyubu, tia kwenye deli la barafu lisilowahi kubeba samaki, peleka maabara.

5. Kata tawi. Ni hilo dogo tu la mfukoni, na ni sasa tu, kipimo kikiwa kimekwisha. Kausha majani yake, yapime uzito. Maabara itakupa kiasi cha gesi tu. Bila gramu za majani makavu huwezi kulinganisha mkorosho huu na mwembe wa jirani.