Vifaa spesho vya fundi gari: anza na nati inayokutesa kila wiki

Nati ya paipu ya breki kwenye Toyota nyingi ni namba 10, ndogo, chuma chake laini, na pale nyuma ya tairi inakaa miaka inakula maji na tope. Nilivoanza gereji nilikua naiingia na spana flati ya kawaida, sasa kuna siku nina Noah ya mteja nataka kubadilisha silinda ya breki ya nyuma, spana ikateleza mara ya kwanza, mara ya pili nati ishakua duara, nikaleta vaisigripu, ile plaizi inayojifunga yenyewe, nikaikaba kisawasawa nikazungusha, kumbe nati na paipu vilishashikana kwa kutu vikazunguka pamoja, paipu ikajisokota ikakatika. Hela yote ya ufundi iliishia kwenye paipu mpya na gari ikalala siku mbili. Iliniuma sana mana nilikua namuahidi mteja jioni anaondoka nayo.

Kwaiyo kifaa spesho cha kwanza ninachomwambia kila dogo anunue sio mashine ya upepo, ni spana ya nati za paipu. Inafanana na spana ringi ila imekatwa mdomo kidogo ili paipu ipite, alafu inashika nati karibu pembe zote, wakati spana flati inashika pande mbili tu. Tafuta yenye pembe 6 na sio 12, ukishika namba 10 na 12 kwa gari za Kijapani kazi nyingi umemaliza. Namna ya kuitumia: piga brashi ya waya kwanza mpaka nati ionekane, weka oili ya kulegezea kutu uache ikae, nenda kafanye upande wa pili. Ukirudi usianze kufungua, ikaze kidogo kabisa mpaka uisikie imeshtuka, ndio ufungue. Ikishtuka angalia paipu, kama paipu inazunguka na nati simama hapohapo, rudisha, weka oili tena, cheza nayo mbele na nyuma mpaka viachane.

Bisibisi ya nyota nayo watu wanaidharau. Skrubu nyingi za magari na pikipiki za Kijapani sio nyota ileile ya Kizungu, ukiangalia kichwa chake mara nyingi utaona kidoti kidogo pembeni, hiyo ni ya kipimo cha Kijapani kinaitwa JIS. Ukiingiza bisibisi ya Phillips, yani ile nyota ya Kizungu, inakaa juujuu haifiki chini, ukikandamiza inapanda yenyewe na inakula kichwa. Mfano unaoumiza mafundi ni zile skrubu mbili zinazoshika diski ya breki kwenye Honda. Pale chukua bisibisi ya kugonga, ile nzito unayoipiga na nyundo nayo inajizungusha kidogo kila pigo, weka biti ya JIS namba 3, ielekeze kwenye kufungua, shika imara, piga pigo moja la nguvu. Vipigo vidogovidogo kumi havifanyi kitu. Kampuni ya Vessel ya Japani inatengeneza bisibisi za aina hii nzuri sana, na ukiikuta used kwenye vitu vya Japani usiiache.

Hapohapo kwenye mambo ya Kijapani, bolti yenye uzi wa milimita 8 kwenye Toyota kichwa chake ni 12, kwenye Volkswagen au BMW ni 13. Uzi wa milimita 10 Toyota kichwa 14. Ndio mana boksi yako, ile spana ya kofia inayovaa kichwa cha bolti, ya 12 na 14 inaisha mapema na 13 inang'aa kama mpya. Nunua 10, 12, 14, 17 za ziada, fupi na ndefu, kabla hujanunua seti kubwa yenye vipande mia ambavyo nusu yake hutavigusa. Na drami ya breki ikigoma kutoka usiipige nyundo mpaka ipasuke, angalia usoni mwake kuna matundu mawili yenye uzi, ingiza bolti mbili za milimita 8, kaza hii kidogo na hii kidogo, drami inajisukuma yenyewe nje. Hakikisha tu hendibreki umeishusha.

Boljointi na tairodi, vile viungo vya tairi za mbele na usukani. Kuvitoa wengi wanatumia ile uma ya kugongea katikati, inatoa kweli lakini inachana mpira wa vumbi, sasa kama unatoa boljointi ambayo bado ni nzuri ili tu ufikie kitu kingine umemharibia mteja kifaa kisicho na kosa. Puli ya kuskrubu ni bora mara mia, inakandamiza pini kutoka juu na haigusi mpira. Legeza nati lakini usiitoe, iache ishike uzi kiasi ili kitu kikiruka kisikupige usoni, kaza puli mpaka iwe ngumu, alafu gonga ubavu wa nakoo, kile chuma kinachobeba habu ya tairi, pale pini ilipoingia, sio kugonga pini. Inalia kama risasi na kuachia, na mkono usiwe chini yake wakati huo.

Nati ya exeli ya mbele kwenye Corolla na ndugu zake ni namba 30, na mdomo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili isilegee. Fundi anayeingia moja kwa moja na bomba refu anakula uzi wa shafti, nimeona shafti ngapi zimekufa hivo. Kuna patasi yake nyembamba ya kunyanyua ule mdomo, ukikosa tengeneza kutoka patasi kuukuu kwa kuinoa iingie kwenye mfereji. Nyanyua mpaka uone mfereji mtupu, ndio boksi iingie. Kurudisha weka nati mpya, kwenye Corolla za toleo la E120 inakazwa nyutoni mita 216 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza), alafu ugonge mdomo tena.

Na hapa ndio tunafika kwenye toki renchi, spana inayopima nguvu unayokazia, kifaa ambacho naomba sana usiahirishe kununua. Nati za tairi za Corolla ni nyutoni mita 103, bolti ya kumwagia oili karibu 37, plagi za 1NZ, ile injini ya IST na Vitz na Probox, ni 18 tu. Kumi na nane ni kidogo mno, mkono wa fundi aliyezoea kukaza unapita hapo bila kujua, na silinda hedi ni aluminiamu, uzi ukitoka na plagi mteja anakuja kukulaumu na ana haki. Nunua mbili kama unaweza, ndogo ya kuanzia 5 hadi 25 na kubwa ya 30 hadi 200 na kitu. Usiitumie kufungulia hata siku moja. Vuta polepole, ikilia klik acha, usivute mara ya pili kuhakikisha. Ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa iliyoandikwa, usiipitishe hapo, springi yake inachoka ikikaa imekazwa. Plagi yenyewe ianze kuiingiza kwa kipande cha mpira wa petroli uliochomeka kichwani kwake, uzi ukikosea mpira unateleza wenyewe bila kuharibu kitu.

Bolti ikikatikia ndani usikimbilie izi auti nyembamba, ile skrubu ya kuzungushia kinyume kwenye tundu ulilotoboa, hiyo ikikatika humo ndani ni ngumu kuliko biti yako na sasa una matatizo mawili. Mimi natafuta biti za kutoboa zinazozunguka kushoto, tia alama katikati na senta panchi, toboa kwa spidi ndogo drili ikiwa inazunguka kinyume, mara nyingi joto na mtikisiko vinaifanya bolti itoke yenyewe kabla hujamaliza kutoboa. Kama imetokeza hata milimita mbili tatu, weka nati juu yake uchomelee kwa ndani, subiri ipoe kidogo, fungua na spana. Hii imeniokoa kwenye stadi za egzosti, zile bolti zisizo na kichwa, kuliko kitu chochote.

Vidogo vingine nitavitaja haraka: boksi ya sensa ya oksijeni namba 22 yenye ufa wa kupitisha waya, sumaku ya kuvuta kama antena, plaizi ya waya mrefu ya klipu za mipira ya maji, na stethoskopu ya fundi ya kusikilizia beringi ya altaneta inalia au ni ya pampu ya maji.

Sasa upepo. Naiweka mwisho kwa makusudi kwasababu nimeona vijana wanakopa kununua kompresa na impakti, ile mashine ya kufungulia nati kwa kugongagonga, wakati hawana spana ya paipu wala toki renchi, alafu impakti hiyohiyo inafunga nati za tairi mpaka mama wa watu akipata pancha njiani hawezi kufungua na spana ya gari. Impakti ni ya kufungulia. Kurudishia anza na vidole mizunguko mitatu minne, kaza kwa racheti, malizia kwa toki renchi.

Boksi za kung'aa za kromu usiziweke kwenye impakti, ni ngumu ila zinapasuka na kipande kinaweza kuingia jichoni. Tumia zile nyeusi nene za Cr-Mo, yani chuma chenye kromu na molibdeni, pembe 6. Impakti nyingi za nusu inchi zimepangiwa presha ya 90 psi, na ipimwe kifaa kikiwa kinafanya kazi, sio kimenyamaza. Ukiona haina nguvu usikimbilie kupandisha regyuleta, angalia mpira kwanza, mpira mwembamba wa kujikunja mita kumi unakula presha yote njiani. Weka wenye tundu la milimita 10 au zaidi na kapilingi zisizobana. Kompresa ya lita 50 itafungua nati za tairi vizuri ukiipa muda wa kujaza, lakini grainda ya upepo itaimaliza ndani ya dakika na utakua unasubiri tu.

Sikuizi impakti za betri zimekua nzuri na umeme ukikatika kazi inaendelea, kwaiyo kama unaanza leo naona nunua ya betri kwanza. Kitu ambacho upepo bado unashinda kwa mbali ni nyundo ya upepo. Kukata egzosti iliyoliwa kutu, kutoa bushi, kushtua bolti kwa kuitetemesha kichwa kwa patasi butu huku oili ya kulegezea inazama, hapo sijaona cha kulinganisha. Vaa miwani na vizibo vya masikio, na usibonyeze kabla patasi haijagusa kitu mana inaweza kuruka. Vumbi la breki usilipulize na upepo, lioshe na brekiklina lidondokee kwenye beseni.

Asubuhi tia matone mawili matatu ya oili ya vifaa vya upepo kwenye tundu la kuingilia, bonyeza sekunde chache ienee. Jioni zima kompresa, punguza presha, fungua koki ya chini ya tangi. Kwa unyevu wa Dar usishangae kuona maji ya kahawia yanamwagika kila siku, hiyo ndio kutu ambayo ingeingia kwenye impakti yako, iache imwagike mpaka usikie upepo mtupu ndio ufunge.